Haki ya Mashindano na Heshima ya Mtu: Somo Kutoka Bwawa la Kuogelea

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Muhula uliopita, katika kundi moja la WhatsApp la wanafunzi, ilisambazwa video ya mwogeleaji wa Marekani aliyezaliwa mwanamume, akabadili jinsia na kushindana na wanawake. Tulicheka, nami nikiwamo. Siku mbili baadaye mtu akaweka picha ya dada yetu wa timu ya mpira wa wavu, dada mrefu mwenye sauti nzito, akaandika chini yake, "Na huyu je?" Kicheko kikaendelea. Dada yule hakuonekana mazoezini kwa wiki mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza maswali mawili. Dini yetu inasemaje kuhusu haki katika mashindano? Na inatudai nini tunapomzungumzia mtu ambaye hatukubaliani naye?

1. Tukio lenyewe

Machi 2022, mjini Atlanta, Lia Thomas wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alishinda yadi 500 za mtindo huru katika mashindano ya wanawake ya vyuo vikuu vya Marekani. Hapo awali aliogelea katika timu ya wanaume ya chuo hicho hicho. Kabla ya kuhama alitumia dawa za kupunguza homoni ya testosteroni kwa zaidi ya mwaka mmoja, kama kanuni za wakati ule zilivyotaka. Kwa hiyo hakudanganya wala hakuvunja kanuni.

Waliomtetea walisema kwamba muda wake wa 4:33.24 ulikuwa mbali na rekodi ya Katie Ledecky ya 4:24.06, na kwamba katika yadi 100 alikuwa wa 8. Waliopinga walisema kwamba mwili uliopita baleghe ya kiume unabaki na urefu, mikono mipana na mapafu makubwa, na dawa haziwezi kuyarudisha hayo nyuma.

Juni 2022, mjini Budapest, shirikisho la dunia la kuogelea, ambalo sasa linaitwa World Aquatics, lilipiga kura. Zaidi ya asilimia 70 waliafiki kwamba aliyepitia baleghe ya kiume asishindane katika kundi la wanawake. Shirikisho likaahidi pia kundi la wazi kwa wote. Kundi hilo lilipotangazwa kwa mashindano ya Berlin mwaka 2023, hakuna aliyejiandikisha.

2. Kwa nini wanawake wana kundi lao?

Tazama Olimpiki ya Paris 2024. Katika mita 100 mtindo huru, Pan Zhanle wa China alishinda kwa sekunde 46.40. Kwa wanawake, Sarah Sjöström wa Sweden alishinda kwa 52.16. Tofauti hiyo ya karibu sekunde 6 haitokani na uvivu, kwani wote wawili ni mabingwa. Bila kundi lao, wanawake wasingefika hata fainali. Kundi la wanawake ndilo mlango wao wa pekee, na mlango huo una haki ya kulindwa.

3. Fiqhi ya mashindano

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi kwa makundi mawili. Walioandaliwa kwa mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, maili 5 au 6. Wasioandaliwa walikimbia kutoka Thaniyyatul Wadaa hadi msikiti wa Bani Zurayq, karibu maili 1. Hakuna farasi aliyedharauliwa wala kurudishwa zizini. Kila kundi lilipewa njia yake.

Imam Nawawi naye, katika Minhaj, anaweka sharti kwamba kila mshindani awe na uwezekano wa kushinda. Kwa msingi huo naona kanuni ya mwaka 2022 iko karibu na uadilifu. Lakini Hadithi ile ile inatufundisha kwamba anayetengwa na kundi moja apatiwe njia nyingine. Tena iwe njia ambayo mtu anaweza kuipita bila kuzomewa.

4. Tusichanganye mambo

Kubadili jinsia ni suala moja, na kuzaliwa na maumbile ya tofauti ni suala jingine. Wanazuoni wengi wa Ahlus Sunna hawaruhusu kubadili jinsia kwa mtu ambaye mwili wake hauna utata. Lakini mafaqihi hao hao waliandika milango mizima kuhusu khuntha, yaani mtu mwenye maumbile ya utata, wakamwekea hukumu za ibada na mirathi. Hawakumkana.

Francine Niyonsaba wa Burundi alizaliwa na kulelewa mwanamke, ila mwili wake huzalisha testosteroni nyingi kiasili. Kanuni za riadha za mwaka 2019 zilimzuia kukimbia mita 800, akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Anayemwita "mwanamume" hana elimu ya jambo hilo, na anamdhulumu.

5. Adabu ya ulimi

Suratul Maidah, aya ya 8, inatuonya kwamba kuchukia watu kusitutoe kwenye uadilifu. Suratul Hujurat inatuamuru kuhakiki habari (aya ya 6), inatukataza kudharauliana (aya ya 11), na inatukataza dhana, upelelezi na kusengenya (aya ya 12). Aya hizi hazikuwekewa sharti kwamba tukubaliane na mtu kwanza.

Picha ile ilinionyesha kwamba mzaha haukai ulipoanzia. Tulianza na mtu wa mbali, tukamalizia kwa dada yetu ambaye hakuna lolote alilofanya isipokuwa kuwa mrefu. Tulidai kutetea wanawake, na wa kwanza kuumia akawa mwanamke.

Nilimwendea dada yule, tukiwa na Amira wa kina dada, nikamwomba radhi. Alinisamehe, akaniuliza kwa nini sikusema neno siku ile. Sikuwa na jibu.

Basi ndugu yangu, video kama hiyo ikikufikia, sema unaloamini kuhusu haki ya mashindano, ulisema kwa elimu. Ikiwa huna la kuongeza ila kicheko, iishie kwako.

Wallahu a'alam.