SOMO LA AFYA: Ulimi Unapouma, Tuangalie Sahani



Mganga wa zahanati anapomwambia mgonjwa "toa ulimi", ana sababu. Ngozi ya ulimi hujijenga upya kila baada ya muda mfupi, na kwa kazi hiyo inahitaji vitamini. Mwili ukipungukiwa, ulimi huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuonyesha.

Dalili za kuangalia

• Ulimi mwekundu sana, umevimba na unauma: huenda ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3.
• Ulimi laini, vinundu vyake vimetoweka, unachoma wakati wa kula: huenda ni upungufu wa vitamini B12 au asidi ya foliki. Mgonjwa akiwa na ganzi miguuni pia, B12 ishukiwe zaidi.
• Ulimi wenye rangi ya zambarau na pembe za mdomo zilizochanika: huenda ni vitamini B2.
• Ulimi uliopauka na kuwa laini: mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma.

Utando mweupe kama maziwa ya mgando kwa kawaida ni fangasi, na tiba yake ni nyingine. Kwa hiyo tusijitibu kwa kukisia. Twende zahanati.

Fundisho kutoka Malawi

Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata ugonjwa wa pelagra, unaoletwa na upungufu wa niasini. Wagonjwa karibu 18,000 waliandikishwa, wengi wao wanawake. Pelagra huuma ulimi na mdomo, huleta kuhara, hukausha na kuchubua ngozi inayopigwa na jua, na huvuruga akili. Asipotibiwa, mgonjwa hufa.

Watu hao hawakuwa wamesahauliwa. Walikuwa wakipewa mahindi. Kilichokatika katika mgawo ni karanga. Familia zilizokuwa na bustani, au zilizopata karanga na samaki kwa njia nyingine, zilisalimika zaidi. Mwaka 1999 ugonjwa huohuo ulizuka Kuito, Angola, wakati wa vita.

Kwa nini mahindi hayatoshi?

Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuitoa. Wenyeji wa Meksiko tangu kale huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na kwa njia hiyo niasini hufunguka. Mahindi yalipopelekwa nchi nyingine, ujuzi huo haukufuatana nayo. Kula dona badala ya sembe ni vizuri, lakini peke yake hakuzuii pelagra. Ugali unahitaji mwenzake: karanga, maharage, dagaa, mayai au nyama. Vitamini B12 hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama tu, hivyo hata dagaa kidogo wana thamani.

Kamati ya parokia ifanye nini?

1. Anayetembelea wazee na wagonjwa aulize, "Je, ulimi au mdomo unauma unapokula?" Wazee wanaoishi peke yao na walevi wako hatarini zaidi.
2. Mwenye dalili apelekwe zahanati mapema. Akipata vidonge sahihi vya niasini, uchungu wa ulimi wa pelagra hupungua kwa siku chache.
3. Anayetumia isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, akiumwa ulimi amwambie mganga. Dawa hiyo yaweza kuchangia upungufu, lakini asiiache mwenyewe.
4. Tunapokusanya chakula cha msaada, kila gunia la mahindi lifuatane na maharage au karanga.

Kwa wafadhili wetu

Tunashukuru kwa kila gunia. Tunajua kwamba kwa fedha ileile mahindi hununua kilo nyingi zaidi, na hesabu ya kilo hupendeza katika taarifa. Lakini Malawi imetufundisha kwamba tumbo laweza kujaa huku mwili ukiwa na njaa. Tuko radhi kupokea kilo pungufu zenye karanga ndani yake.

Maswali ya kujadili

• Katika jumuiya yetu, ni nani anakula ugali na chumvi tu kwa siku nyingi?
• Msaada wetu wa mwisho ulikuwa na vyakula vya aina ngapi?
• Je, shamba la parokia laweza kutengewa sehemu ya karanga msimu ujao?