SOMO: KUBADILISHA SISTEME YA ORDINATERE, MBIO AO KUNGOJA?



Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida kwa Windows 10, sisteme iliyotoka mwaka 2015. Tangu siku ile wenye ordinatere wanajiuliza: tuweke Windows 11 mara moja, ao tubaki vile tuko? Wengine wanasema: «Kipya njo kizuri.» Wengine wanajibu: «Inatembea, acha itembee.» Sisi tunaona kwamba wote wawili wanajibu mbele ya kuchunguza. Katika somo hili tutajaribu kuchunguza.

1. Sisteme ni kitu gani?

Ordinatere yenyewe ni chuma. Sisteme ni programu kubwa inayoamsha kile chuma, inayogawa kazi, inayojua kila faili iko wapi, na inayosema na klavie na mashini ya kuchapa. Programu zingine zote zinasimama juu yake. Kwa hiyo mtu anayebadilisha sisteme habadilishi kiti ao meza. Anabadilisha msingi wa nyumba, na vitu vingali ndani.

2. Kiraka na nyumba mpya

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Bati likitoboka wakati wa mvua, mtu wa Kadutu hangoji mwezi wa saba. Anaziba jioni ileile, sababu maji hayana huruma ku milima yetu. Lakini akitaka kubomoa nyumba na kujenga ingine, anangoja kipindi cha jua, anahesabu mabati na misumari, anatafuta pahali watoto watalala.

Ordinatere ni vilevile. Kiraka cha usalama kinaziba tundu moja: tukiweke upesi. Sisteme mpya ni nyumba nzima: tuipangie.

3. Mifano miwili

a) Waliochelewa. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la hatari katika Windows. Watu wengi hawakukiweka. Tarehe 12 mwezi wa tano, karibu miezi miwili nyuma, virusi WannaCry ikapita katika tundu lile. Ilifunga faili za watu na kuwaomba feza. Iliingia katika ordinatere zaidi ya 200 000, katika inchi karibu 150. Kule Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani.

b) Waliokimbia. Tarehe 2 mwezi wa kumi 2018, kampuni ileile ilitoa toleo jipya la Windows 10. Kwa wengine walioliweka siku za kwanza, maandiko na picha zao zilifutika. Tarehe 6 kampuni ikalisimamisha, ikalitoa tena tarehe 13 mwezi wa kumi na moja. Aliyengoja wiki sita hakupoteza kitu.

Hata watengenezaji wenyewe wanajua jambo hili. Ubuntu ni sisteme ya bure iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo lake 24.04 lilitoka tarehe 25 mwezi wa ine 2024. Lakini wale waliokuwa na toleo la 22.04 hawakuletewa mwaliko wa kuhamia siku ile. Ulikuja kisha kutoka 24.04.1, tarehe 29 mwezi wa munane, makosa ya kwanza yakiisha kusahihishwa.

4. Mambo ya kuangalia mbele ya kuamua

Kwanza, mashini inaweza? Windows 11 inaomba kumbukumbu ya giga 4, nafasi ya giga 64, kipande cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesere iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa Intel, karibu zote ni za tangu mwaka 2017. Mashini nyingi za okazio hazifiki pale. Hizo tusizilazimishe, zinaweza kupewa Ubuntu ao sisteme ingine nyepesi.

Pili, kopi iko wapi? Kopi moja katika ordinatere ileile si kopi. Tuweke faili pahali pawili pengine, kisha tuzifungue tuone kama zinasomeka.

Tatu, umeme uko? Delestaji ikikata kazi katikati, mashini inaweza kukataa kuamka. Batri ijae. Kwa mashini ya mezani, tutafute namna ya kuilinda.

Ine, mega zinatosha? Sisteme ni giga nyingi. Tuivute mara moja juu ya kle ya giga 8, itumike kwa mashini zote.

Tano, tujaribu mashini moja isiyo na kitu cha lazima, pamoja na mashini ya kuchapa. Windows 11 inaacha siku 10 za kurudi nyuma. Kisha pale mlango unafungwa.

5. Na kwa shule?

Ordinatere ya biro haifanani na ile ya kujifunzia. Ndani yake muna pointi za wanafunzi na majina ya sisi wa mwaka wa mwisho, tunaongoja Egzamene ya Serikali. Jina likipotea pale, si faili iliyopotea. Ni mwaka wa mtoto na minerval ya mzazi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kopi zifanywe juma hili. Majaribio yaanze ku mashini ya kujifunzia. Ile ya biro ingoje likizo kubwa. Lakini kungoja si kulala: Windows 10 isiyopata viraka iondolewe ku intaneti, na kle za inje zisiingizwe ovyo. Microsoft iliweka pia njia ya kuendelea kupata viraka: kwa watu binafsi hadi mwezi wa kumi 2026, na kwa mashule miaka mitatu kwa malipo. Wakubwa wetu wahesabu kama inafaa.

Katika Luka 14, Yesu anasema juu ya mjenzi wa mnara. Hakumkataza kujenga. Alimtaka ahesabu kwanza.

Maswali

1. Kiraka na sisteme mpya vinaachana namna gani?
2. Katika mifano miwili, ni wakati gani haraka iliokoa, na ni wakati gani iliharibu?
3. Ku ordinatere unayotumia, ni faili gani isiyo na kopi pahali pengine?