Chafya Basi! Vidokezo 7 vya Kulishinda Vumbi Nyumbani, Lubumbashi

Mvua ikishakatika mwezi wa tano, ni vumbi tu mpaka karibu mwezi wa kumi. Udongo wetu mwekundu unakauka, makamyo yanapita, na kufikia mwezi wa nane upepo nao unaamka. Miembe inageuka rangi ya matofali. Ndani ya nyumba ni chafya, macho ya kuwasha na kikohozi cha usiku. Nani hapa L'shi hajui muziki huo? Habari njema ni kwamba huhitaji mashine ya bei kali wala Jumamosi nzima. Ndoo, kitambaa, jua na ubishi kidogo vinatosha.

1. Lowesha kwanza, ufagio baadaye

Mama, ukifagia sakafu kavu alfajiri, vumbi hulifukuzi, unaliamsha! Chembe nzito ndizo zinazotoka mlangoni. Zile nyepesi, ambazo ndizo zinazofika mapafuni, zinabaki zikielea hewani muda mrefu, kisha zinatua juu ya kitanda ulichokwisha kutandika vizuri. Kwa hiyo, nje kwenye parseli nyunyiza maji kabla ya kufagia. Ndani pitisha kitambaa chenye unyevu, ukianza juu (kabati, madirisha, ventileta) na kumalizia chini. Utasema maji ya Regideso leo hayakutoka. Sawa, ujanja ni huu: beba ndoo mbili zenye maji kidogo, moja ya kulowesha kitambaa, nyingine ya kukisuuza, usije ukapaka matope chumba kizima. Na maji ya mwisho ya kufulia usiyamwage ovyo, ndiyo ya kunyunyizia uwanja. Mwenye pumu asiwe yeye anayefagia. Huo ni udhuru halali kabisa, mpe kazi nyingine.

2. Chumba cha kulala kwanza, sebule itangoja

Wengi wetu tunaanzia pale wageni wanapokaa. Lakini mgeni anakaa saa moja, wewe unalala saa saba au nane pua ikiwa imezama kwenye mto. Ukiwa na dakika kumi tu kwa siku, zimalizie chumbani. Masanduku yaliyojaa chini ya kitanda, rido nzito zisizofuliwa tangu Krismasi, lundo la nguo nyuma ya mlango: hayo yote ni maghala ya vumbi. Punguza. Dirisha la upande wa barabara lifungue asubuhi hewa ikiwa imetulia, ulifunge upepo unapoanza.

3. Matela itoke ikaote jua

Sasa tuje kwa mpangaji asiyelipa kodi: utitiri wa vumbi. Ni kadudu kadogo kuliko nusu milimita, anakula magamba ya ngozi tunayopukuta usiku, na kinyesi chake ndicho kinachowasha pua na kuchokoza pumu. Anapenda joto na unyevunyevu, maana maji ya mwili wake anayapata hewani. Ona basi bahati yetu: kiangazi cha Katanga ni kikavu na jua lake halina mzaha! Toa matela na mito, viegemeze juani kuanzia asubuhi, uvigeuze mchana. Halafu vipige kwa fimbo, mbali na dirisha, maana utitiri ukifa kinyesi chake kinabaki. Mashuka na foronya fua kila wiki. Maji ya digrii 60 yanaua utitiri, kwa hiyo loweka kwa maji ya moto kama kitambaa kinavumilia. Umeme umekatika? Jua halikatiki.

4. Nguo za kazi ziishie mlangoni

Kwa mji wa shaba na kobalti, hiki si cha kuruka. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini Katanga: kobalti ilikuwa juu mno, hata kwa watoto. Metali si aleji ya kawaida ya pua, ingawa kobalti inaweza kuleta aleji ya ngozi na hata pumu. Baba anayetoka karieri avue buti na kombinezoni nje, anawe, ndipo abebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Na sisi wengine, viatu vibaki kwenye baraza. Mgeni akishangaa, mpe sapatu!

5. Mbabula haina kitanda

Moshi wa makala si aleji, ila unachokoza pua na kifua ambavyo tayari vimechoka. Pika bukari nje, au mlangoni penye upepo. Majivu yakishapoa, yanyunyizie maji kabla ya kuyamwaga. Na usiku ule wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba, usithubutu kuingiza mbabula chumbani mkalala nayo, hata makala yakiwa mekundu bila moshi. Gesi yake haina harufu, na inaua watu usingizini. Ongeza blanketi.

6. Mende walale njaa

Kinyesi cha mende na vipande vya mwili wake vinachokoza pumu ya watoto. Kabla ya kulala, osha sahani, funika unga, futa maji kwenye sinki. Mende anavumilia njaa kwa wiki, kiu inamshinda mapema. Dawa ya kupuliza yenyewe inakaba kifua, basi iwe ya mwisho.

7. Mvua ikirudi, geukia kuta

Vumbi likilala, kuvu wanaamka: madoa meusi nyuma ya kabati na kwenye dari inayovuja. Ziba bati kwanza, la sivyo utasugua mpaka Pasaka. Sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, usianike nguo chumbani, na madoa yasugue kwa sabuni, kisha javeli iliyopunguzwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi. Javeli usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Usijaribu yote saba wiki hii. Anza na matela Jumamosi, jua ni la bure. Lakini mtoto anayepumua kwa mluzi, au anayeamka usiku akitafuta hewa, mpeleke kwa daktari leo, hata kama nyumba yako inang'aa.