Usisubiri Kisima Kinuke Petroli

Ndani ya petroli kuna kemikali iitwayo benzini, nayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa: mikrogramu 10 kwa lita. Pua ya binadamu huanza kuinusa benzini yenyewe majini ikishafika kama miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kikomo hicho. Kwa hiyo mtu wa Masanze, wilayani Kilosa, anayechota maji maangavu yasiyo na harufu bado hana hakika kwamba ni salama.

Wilayani humo, Mikumi kunapita malori ya mafuta ya barabara kuu ya TANZAM, pamoja na bomba la TAZAMA lililoanza kazi mwaka 1968, la kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Lakini vijijini hatari iko karibu zaidi: petroli ya bodaboda inayouzwa kwenye chupa na madumu, mashine ya kumwagilia bustani iliyowekwa mdomoni mwa kisima, oili chafu inayomwagwa nyuma ya gereji. Tangi la sheli lililoliwa na kutu chini ya ardhi huvuja bila mtu kuona. Wa kwanza kugundua ni mwenye sheli anayepima mafuta kwa fimbo kila siku na kulinganisha na mauzo.

Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama gamba na vikabaki vimeachana, mara nyingi ni bakteria wa chuma, si mafuta. Ukirudi kuungana, shuku mafuta na uache kuchota.

Kipimo chenyewe ni kazi ya wataalamu, ila mwananchi ajue kinavyofanyika ili asidanganyike. Huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu: kimoja upande maji ya chini ya ardhi yanakotokea, vingine yanakoelekea. Hupimwa kina cha maji, na kama mafuta yanaelea juu yake, unene wa tabaka hilo. Kisha maji yaliyotuama kisimani hutolewa kwanza, ndipo sampuli ichukuliwe. Hujazwa kwenye vichupa vya kioo hadi juu kabisa, pasibaki kiputo cha hewa, kwa sababu benzini huruka upesi. Halafu hupelekwa maabara kwenye barafu. Chupa ya plastiki ya soda haifai. Na mpeleka sampuli aitaje benzini kwa jina, maana vipimo vya kawaida vya chumvi na vimelea haviitafuti.

Upimaji urudiwe, kiangazi na masika. Maji ya ardhini hupanda na kushuka, na mafuta yaliyonata kwenye udongo yanaweza kuamka maji yakipanda. Kilosa, inayojua mafuriko ya mto Mkondoa, haiwezi kuridhika na kipimo kimoja.

Ningependa kila kijiji chenye sheli jirani kiwe na matokeo ya maji yake kabla jambo halijatokea. Mwaka 2015 bomba la Mombasa–Nairobi lilivuja huko Thange, Makueni, nchini Kenya, na mafuta yakaingia kwenye mto na visima. Wakazi wakaishia mahakamani kudai fidia, na kesi za namna hiyo huchukua miaka. Mwenye karatasi ya maabara ya kabla ya uvujaji ana cha kushika mkononi.

Maji yakigundulika au yakishukiwa kuwa na benzini, kuchemsha hakusaidii: benzini hupanda na mvuke na kujaa jikoni mnamopikia. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Tafuteni maji kwingine, na msioge kwa hayo. Mtoe taarifa kwa afisa mtendaji wa kijiji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) ya wilaya na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Kama chanzo ni sheli au bomba, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) na NEMC (baraza la mazingira) nao wajulishwe. Andikeni tarehe, kisima na mlichokiona. Mafuta yakiwa yamemwagika juu ya ardhi, watu wakae mbali, asiwepo wa kuyachota wala wa kuwasha kiberiti. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa.