Betri ya UPS: Joto, Njaa na Namna ya Kuibadilisha

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na hadi leo Nile inaendelea kuzalisha stima pale. Hata hivyo mvua kubwa ikishuka, maduka yaliyo karibu kabisa na mitambo hiyo hubaki gizani, sawa na Mbale wakati radi zinapopiga kutoka upande wa Elgon. Kompyuta nyingi ninazozihudumia katika miji hii miwili zina UPS, na wateja huniita kwa lalamiko moja: "Fundi, stima ikienda inalia mara moja halafu inazima."

Mara nyingi UPS yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni betri.

UPS ndogo ya ofisi hubeba betri ya risasi na asidi iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7 au 9. Hutarajiwa kudumu miaka 3 hadi 5, ila hesabu hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 25 au chini yake. Joto likipanda kwa nyuzi kama 10 juu ya hapo, umri wa betri hupungua kwa nusu. Sasa itazame yako ilipo: chini ya kaunta, kwenye chumba cha mabati, matundu yamezibwa na vumbi, na juu yake kumetandikwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Kitoe kitambaa. Isogeze mbali na ukuta, futa vumbi, iache ipumue.

Adui wa pili ni njaa. Betri ikikaa bila chaji, salfeti hugandamana kwenye sahani za risasi na kuwa ngumu, na chaji ya baadaye haiiondoi. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Katika maabara za kompyuta nilizoingia baada ya hapo, betri zilikuwa zimekufa rafuni bila kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo mwalimu, kabla ya likizo zijaze chaji kisha uzizime, na likizo ikiwa ndefu mtu aje azichaji tena.

Kupima ni rahisi. Hifadhi kazi yako, ondoa kompyuta, chomeka taa ya wati 60 kwenye UPS, kisha zima swichi ya soketi ukutani bila kung'oa plagi, ili waya wa ardhi ubaki umeunganishwa. Ikizima ndani ya dakika moja, betri imekwisha. Mwenye mita aipime betri ikiwa nje na imepumzika saa chache baada ya kujaa: nzima huonyesha volti 12.7 au zaidi. Mita peke yake isikudanganye lakini, kwani betri mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapopewa mzigo. Iliyovimba au inayovuja haihitaji kipimo.

Kubadilisha: zima UPS, ng'oa plagi, ondoa kila kilichochomekwa, vua saa na pete. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Chomoa wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Unaporudisha anza na chanya, nyekundu kwa nyekundu. Ukinunua, linganisha volti, ukubwa wa kasha na upana wa vichwa, maana kuna vya milimita 4.8 na vya 6.3. Ikiwa UPS ina betri mbili, badilisha zote mbili. Ile ya zamani itaichosha mpya. Ichaji usiku kucha kabla ya kuitegemea, na uandike tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Wapo wanaounganisha betri ya gari nje ili wapate saa nyingi. Siwashauri. Chaja ya UPS ndogo ni dhaifu kwa betri hiyo, transfoma yake imeundwa kufanya kazi dakika chache tu, na betri ya gari hutoa gesi inayowaka. Printa ya leza nayo isiguse UPS, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kazi ya UPS ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima vizuri. Anayetaka kufanya kazi jioni nzima anunue inveta.

Betri kuukuu ina risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tafadhali usimpe betri mtu wa vyuma chakavu anayeipasua kwa nyundo uani, wala usiitupe jalalani. Mrudishie muuzaji wa betri siku hiyo hiyo unayonunua mpya, na umuulize inapelekwa wapi.