Kununua na Kutunza Mashine ya Upepo Iliyokwisha Tumika



Mashine ya upepo, ambayo mafundi huiita kompresa, ni chombo ambacho watu watatu au wanne waweza kukinunua kwa shirika na kikawafaa wote. Mpya bei yake ni kubwa, kwa hiyo wengi hutafuta iliyokwisha tumika, nayo mara nyingi hutoka Bara. Leo tutazitazama wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mashine hizi zina kazi nyingi, ili mnunuzi ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha yake.

Barabara itokayo Lusahunga, katika Biharamulo, hupita Ngara mpaka mpaka wa Rusumo, na tawi lake huelekea Burundi. Magari makubwa yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita hapo usiku na mchana, na tairi la gari la namna ile lataka upepo wa baa 7 au 8, yaani ratili 100 na zaidi katika kila inchi mraba. Kwa hiyo waziba pancha kando ya njia hawana budi kuwa na mashine yenye nguvu. Tena Biharamulo ni nchi ya dhahabu: mgodi mkubwa wa Tulawaka ulianza kazi mwaka 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika la serikali, STAMICO. Wachimbaji wa namna hiyo hutumia upepo kuendesha nyundo za kutoboa miamba.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili yasichanganywe. Mashine ya gereji hutoa upepo wa baa 8 mpaka 12. Mashine ya kujaza mitungi ya wapiga mbizi hufika baa 200 mpaka 300, nayo imeundwa kwa chuma kingine na machujio mengine kabisa. Upepo wa mashine ya gereji si wa kuvuta puani. Huchukua mvuke wa oili, na kama injini iko karibu, huchukua na moshi wenye sumu isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Kijana akitaka kuzamia majongoo kwa mpira uliofungwa kwenye mashine ya pancha, mwenye mashine akatae, hata akiitwa mchoyo.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Mnunuzi mgeni hutazama injini kwanza, kwa kuwa ndiyo inayonguruma. Atazame tangi kwanza. Injini mbovu hula fedha. Tangi bovu huua. Tangi la lita 200 lililojaa baa 10 lina nguvu ya kutosha, kwa hesabu, kulinyanyua gari la tani 1 zaidi ya mita 25, yaani juu ya mnazi mrefu. Hewa ikibanwa hutoa maji, maji hukaa chini ya tangi, na kutu hula chuma kutoka ndani, ambako jicho halifiki. Rangi mpya nje haithibitishi kitu. Mimi ikipakwa upande wa chini tu huwa na shaka zaidi. Fungua koki ya chini: yakitoka maji mekundu mengi, jua mwenyewe hakuwa akiyatoa. Tafuta kibao cha kiwandani chenye mwaka na nguvu ya mwisho ya tangi. Hakuna kibao, usinunue. Kuna kiraka cha kuchomea, usinunue, hata bei ikiwa nusu.

Njia ya kweli ya kulijaribu tangi ni kulijaza maji tele na kulisukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya nguvu yake ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, basi tangi likishindwa, litavuja tu wala halitalipuka. Bara, wakaguzi wa OSHA ndio wanaohusika na matangi haya. Mwambie muuzaji akuonyeshe cheti.

Kisha mashine yenyewe. Ikute ikiwa baridi na tangi likiwa tupu, uiwashe, ushike saa. Kulijaza tangi la lita 200 mpaka baa 8 kwahitaji lita 1,600 hivi za hewa ya pwani. Pampu itoayo lita 400 kwa dakika italijaza kwa dakika 4. Lakini Biharamulo na Ngara ziko juu; hata Ziwa Victoria, lililo chini yake, liko mita 1,134 juu ya bahari. Penye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa sehemu 15 hivi katika 100, na kazi ile ile yataka lita 1,900, karibu dakika 5. Kwa hiyo mashine iliyochukua dakika 5 huko si lazima iwe imechoka. Ikifika kwetu itakwenda upesi zaidi. Ikichukua dakika 8, ringi au vali zimekwisha. Tena, namba kubwa iliyoandikwa kwenye pampu mara nyingi ni ya ujazo wa silinda; upepo utokao ni thuluthi mbili au robo tatu yake.

Weka kitambaa cheupe mbele ya upepo. Kikilowa oili, ringi zimelika. Zima, usikilize: mlio mfupi wa kupumua ni desturi, ila ukiendelea, vali ya kuzuia upepo usirudi haifungi. Vuta pete ya vali ya usalama. Isipopiga kelele, hiyo mpya inunuliwe siku ile ile. Wako wanaoifunga kwa waya ili isisumbue. Usimwamini mtu huyo kwa lolote lingine.

Utunzaji ni kazi ndogo ya kila siku. Toa maji jioni. Tazama oili asubuhi, na itumike oili ya kompresa, kwani ya gari huacha masizi kwenye vali, na masizi yakishika joto yaweza kuwaka. Chujio lipigwe vumbi kila wiki, na mkanda usikazwe mno.

Wakati wa kuivusha bahari, toa upepo wote, ziba mdomo wa kuvutia hewa, na ifunikwe turubai. Ikifika, ifutwe kwa maji matamu, ikaushwe, kisha ipewe banda lisilopigwa na upepo wa bahari.