Pikapu na Tela Zito: Kuvuta, Kubeba na Kusimama



Mara nyingi nimeulizwa swali moja na wanafunzi, na pia na wenzetu waliomaliza shule zamani ambao sasa wana mashamba na biashara zao: Je, pikapu yaweza kuvuta tela zito, la namna ile ya kuegemea juu ya gari, bila hatari? Wanafunzi huuliza kwa sababu wanasoma habari za nguvu na mwendo. Wakubwa huuliza kwa sababu wanataka kununua tela. Nitawajibu wote pamoja, kwa maana hesabu ni ile ile.

Gurudumu la tano ni nini?

Ukisimama kando ya barabara ya Jinja utayaona malori yatokayo Mombasa kupitia Malaba au Busia. Sehemu ya mbele, yenye injini na dereva, huitwa kichwa. Nyuma yake kuna tela lisilo na magurudumu ya mbele. Upande wa mbele wa tela hilo umelala juu ya sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi, na pini kubwa iliyo chini ya tela hushikwa katikati ya sahani hiyo. Sahani ndiyo iitwayo gurudumu la tano. Jina limetoka zama za magari ya farasi: ekseli ya mbele iligeuka kwa msaada wa duara la chuma lililolazwa, kana kwamba gari lenye magurudumu manne lina la tano.

Msidhani kwamba tela la namna hii lilianza kwa magari makubwa. Mwaka 1914, katika mji wa Detroit huko Marekani, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederic Sibley alitaka mashua yake ichukuliwe kwa gari. Mhunzi August Fruehauf akamtengenezea tela, nalo likavutwa na gari dogo la Ford Model T. Kwa hiyo swali letu si la kipumbavu. Lakini gari livutalo tela lina kazi tatu: kuvuta, kubeba na kusimamisha. Watu wengi huiangalia ya kwanza tu.

Kwanza: kuvuta

Tuchukue pikapu ya mfano yenye uzito wa kilo 2,000, na tela ambalo pamoja na mzigo wake lina kilo 5,000. Jumla ni kilo 7,000. Kampala ni mji wa vilima, basi tupande mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia. Sehemu ya kumi ya uzito hutuvuta nyuma. Pikapu peke yake huvutwa nyuma na nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 200. Ikiwa na tela, kilo 700.

Je, injini yaweza? Yaweza. Pikapu nzuri ya dizeli ikiwa katika gia ya kwanza hutoa nguvu zaidi ya hiyo. Itanguruma, itapata joto, itakwenda polepole, lakini itafika juu. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mtu akiona gari limepanda, husema, "Limeweza." Kumbe limeshinda mtihani mmoja tu, nao ndio ulio rahisi kuliko yote.

Pili: kubeba

Tela la kuegemea halivutwi tu, bali hubebwa pia. Kwa desturi, kama sehemu ya tano ya uzito wake hulala juu ya gari. Sehemu ya tano ya kilo 5,000 ni kilo 1,000. Sasa, pikapu nyingi tuzionazo Kampala zimetengenezwa zibebe kama tani 1, wala hazizidi hapo sana. Na katika tani hiyo huhesabiwa watu pia. Dereva na abiria watatu ni kama kilo 280. Sahani yenyewe na vyuma vyake ni kama kilo 100. Toa hizo katika 1,000, zabaki kilo 620. Ikiwa kilo 620 ni sehemu ya tano ya tela, basi tela zima lisizidi kilo 3,100, yaani tela lenyewe pamoja na mzigo wote uliomo.

Tazameni jambo hili vizuri. Baadhi ya Toyota Hilux za siku hizi zimeruhusiwa na watengenezaji kuvuta hadi kilo 3,500, tela likiwa na breki zake. Muuzaji atakutajia hiyo 3,500. Hatakutajia kwamba, kwa tela la kuegemea, uwezo wa kubeba huenda ukaisha kabla ya uwezo wa kuvuta. Vyuma vya gari havijali sifa za muuzaji: springi hulala, fremu hupinda, na tairi hupasuka. Hata tairi ina mpaka wake. Ukisoma namba 112 ubavuni mwake baada ya vipimo vya ukubwa, maana yake tairi hiyo hubeba kilo 1,120, wala si zaidi.

Haki ya tela la kuegemea nayo isemwe. Tela la kawaida hufungwa nyuma kabisa, kwenye kitufe cha chuma kilicho chini ya mkia wa gari. Mahali hapo ni kama ncha ya mtaimbo. Kama kitufe kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na ekseli mbili za gari zimeachana mita 3, uzito wa kilo 300 kwenye kitufe huinua kilo 120 kutoka magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo ndiyo yaongozayo, na yakiwa mepesi dereva hupoteza njia. Gurudumu la tano hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kwa hiyo haliinui pua ya gari, wala tela halitikisiki ovyo kama mkia wa ng'ombe. Ndiyo maana Wamarekani wenye nyumba za magurudumu hulipenda. Lakini wao wana pikapu kubwa, kama Ford F-350 yenye tairi nne katika ekseli ya nyuma, ambazo nyingine huruhusiwa kuvuta tela la namna hii la zaidi ya tani 10. Jina ni moja, pikapu, lakini mnyama si yule.

Tatu: kusimamisha

Hapa ndipo roho za watu zilipo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa lina nishati ambayo breki sharti ziigeuze kuwa joto. Pikapu yetu peke yake ina karibu juli 494,000. Ikiwa na tela ni karibu juli 1,730,000, yaani mara tatu na nusu. Kama tela halina breki, joto lote hilo huingia katika breki za pikapu, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana Hilux hizo hizo zilizoruhusiwa kilo 3,500 haziruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 tela likiwa halina breki.

Mteremko ni mbaya zaidi. Kutoka vilele vya baadhi ya vilima vya Kampala hadi ukingo wa Ziwa Victoria ni kushuka zaidi ya mita 100. Kilo 7,000 zikishuka mita 100 hutoa juli 6,860,000. Hiyo ni sawa na kusimama mara nne kutoka mwendo wa kilomita 80, bila breki kupumzika. Breki zikipata joto mno hulegea, na dereva hukanyaga bila kupata kitu. Kwa hiyo shuka kwa gia ndogo tangu juu, usingoje katikati ya mlima; na mwendo uwe nusu, kwa maana ukipunguza mwendo kwa nusu nishati hubaki robo.

Tela la lori na pikapu

Nimeona katika yadi moja hapa Kampala pikapu ikifungwa kwenye tela tupu la lori ili kulisogeza. Wengine hufikiri kwamba tupu ni jepesi. Tela la lori likiwa tupu huwa na tani 6 au zaidi! Tena breki zake huachiwa kwa upepo utokao kwenye kichwa. Upepo ukikatika, springi hubana magurudumu yenyewe. Huo ni ulinzi mzuri. Pikapu haina upepo huo, kwa hiyo mtu huzifungua springi kwa boliti ili tela litembee. Tangu hapo tela halina breki hata moja. Likianza kuisukuma pikapu, hakuna wa kulizuia. Msikubali kupanda wala kusimama mbele yake.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari yaruhusu hadi tani 56, lakini kwa gari lenye ekseli 7. Uzito hugawanywa, na kila ekseli ina breki. Lori halishindi pikapu kwa injini tu. Hulishinda kwa miguu mingi.

Jibu langu

Pikapu ya kawaida ya hapa kwetu isivute tela zito la kuegemea. Tela lisilozidi tani 3, lenye breki zake, laweza kuvutwa, ikiwa mtengenezaji wa gari ameruhusu na fundi mwenye ujuzi ameifunga sahani kwenye fremu, si kwenye bati la bodi. Kabla ya kununua, soma kibao cha uzito mlangoni mwa gari na kibao cha tela, kisha pima vyote mizani vikiwa na mzigo. Likizidi hapo, kodi lori. Gharama ya lori yajulikana leo. Gharama ya ajali haijulikani.

Mazoezi

1. Pikapu yaruhusiwa kubeba kilo 900. Ina watu wawili wenye kilo 70 kila mmoja, na sahani ya kilo 100. Tela la kuegemea lisizidi kilo ngapi?

2. Gari na tela vyenye kilo 5,000 vyaenda kilomita 36 kwa saa. Nishati yake ni juli ngapi? Je, kwa kilomita 72 kwa saa?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini gari lililoweza kupanda mlima huenda lisiweze kushuka salama.